Maji Mafupi Chini ya Kivuko

Siku yake ya kwanza kazini, mtunza stoo wa kiwanda cha meli alimuuliza binti huyu ni fundi wa nini. Akajibu kwamba anahesabu jinsi maji yanavyopita. Mtunza stoo akamtazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akafungua kabati, akamkabidhi spana. Choo cha wafanyakazi kilikuwa kinavuja na fundi aliyeahidiwa hajaonekana. Mwingine angenuna. Yeye alikunja mikono ya blauzi, akaenda akakaza koki, akarudi ameloa mpaka viwikoni, ndipo akauliza kompyuta ziko chumba gani. Tangu siku hiyo jina likawa Fundi Bomba, na hata meneja, aliyevisoma vyeti vyake na kumwajiri mwenyewe, alimwita hivyo hivyo.

Kazi yake hasa ilikuwa hii. Mchoraji akishachora meli, yeye anaichukua ile michoro na kuiingiza kwenye kompyuta, kisha anaizungushia maji ya hesabu. Maji hayo anayagawa vijumba vidogo vidogo, mamilioni kwa mamilioni, na kila kijumba kinamuuliza jirani yake: unakuja kwa kasi gani, unanisukuma kwa nguvu gani? Mashine inanguruma kwa siku kadhaa. Ikimaliza, meli inatokea kwenye skrini imepakwa rangi. Nyekundu ni pale maji yanapoigonga na kuisukuma. Bluu ni pale maji yanapokimbia na kuiachia. Hapo Fundi Bomba anaanza kuchonga: pua anaipunguza kidogo, nyuma anainyanyua kidogo, anairudisha mashineni, anasubiri tena.

“Ukikosea kwenye kompyuta unafuta,” alipenda kuwaambia wachomeleaji. “Ukikosea kwenye chuma unalia.”

Nyumbani aliishi na mama yake, fundi cherehani aliyeanza kupumzika kwa shingo upande, na kaka yake mkubwa, nahodha wa kivuko cha zamani kilichokuwa kikivusha watu ghubani. Kaka huyu alikuwa mtu wa maneno machache na utani mwingi. “Sisi tunayavuka maji,” alikuwa akisema, “wewe unayapaka rangi.” Mdogo wake alimjibu kwamba ndiyo maana kivuko chake kinakunywa dizeli kama ngamia aliyetoka jangwani, hakuna aliyekaa akakipaka rangi.

Na kweli kilikuwa kinakunywa. Ndiyo sababu mwenye mali, mama mmoja mrefu ambaye watu wote walimwita Mama Mwenye, alikuja kiwandani akaagiza kivuko kipya: kiende mbio, kinywe kidogo. Fundi Bomba alihangaika nacho mwaka mzima na ushee. Alijaribu pua nyembamba, kikarusha maji. Alijaribu pua nene, kikagoma kama punda. Mwishoni jibu lilipatikana nyuma, kwenye tezi. Aliipanua, akaibapaza, akaiacha iwe kama sinia, ili maji yakishapita chini ya kivuko yaachane nacho bila kujizungusha na kukivuta. Hesabu ya mafuta ikashuka vizuri mno hata meneja akaupiga ubao wa meza kwa kiganja. Chuma kikakatwa kwa kufuata zile rangi zake.

Majaribio yote ya kompyuta aliyafanya kwenye maji marefu. Mkataba ulitaka hivyo. Wala hakuna aliyetaja mkondo, ile njia nyembamba baina ya mafungu mawili ya mchanga ambayo kila chombo lazima kipite kabla ya kufika gatini. Kivuko cha zamani kilikuwa kinajikokota pale, na anayejikokota hajikwai.

Kivuko kipya kilikuwa tayari kinaelea, rangi imekauka, siku ya majaribio imepangwa na kadi za mwaliko zimetoka, wakati kaka yake, nahodha aliyechaguliwa kukiendesha, alipotupa neno mezani wakiwa wanakula.

“Mchanga umepanda mwaka huu,” alisema huku akijipakulia. “Mvua zimeleta udongo wote wa bara. Maji yakipwa, pale katikati ya mkondo twiga anavuka bila kuloa kichwa.”

Fundi Bomba aliacha kutafuna. “Siku ya majaribio mtapita pale saa ngapi?”

“Kwenda, maji yatakuwa yamejaa. Kurudi, yatakuwa yanakupwa. Mama Mwenye anataka turudi mwendo wote, watu walio gatini wamwone.”

“Mwendo wote? Ndani ya mkondo?”

“Si ndiyo kivuko chako? Si ulisema kinaruka?”

Mama yao alitazama sahani ya binti yake. “Chakula kimekushinda, mwanangu?”

“Nimeshiba, mama,” alisema, na sahani ilikuwa nusu.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa meneja kabla mwenyewe hajavua koti. Meneja alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, aliyezoea kusikiliza huku akitafuta kitu mezani. Siku hiyo aliacha kutafuta.

“Bosi, ukiubana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji yanafanyaje?”

“Yanatoka mbio.”

“Chini ya kivuko ni hivyo hivyo. Sakafu ya bahari ikikaribia, maji yanabanwa, yanakimbia. Na maji yanayokimbia hayabebi, yanaachia. Kivuko kinashuka. Ukiongeza mwendo, kinashuka zaidi. Na chetu kina tezi pana kama sinia. Nyuma kutashuka zaidi kuliko mbele.”

“Kitashuka kiasi gani?”

“Sijui. Hicho ndicho ninachotaka kuhesabu. Nipe mashine.”

Hapo palikuwa na kazi. Kiwanda kilikuwa na mashine kubwa moja tu ya kufanya hesabu hizo, na wiki ile ilikuwa inahesabu boti ya mteja mwingine aliyekuwa akipiga simu kila siku. Meneja alijikuna kidevu. Alikuwa na wachomeleaji, wapaka rangi na mafundi umeme waliokuwa wakimtegemea apate kazi nyingine baada ya hii, na kumkera mteja mpya ni kukata tawi ulilokalia. Lakini pia hakuwa mjinga.

“Chukua,” alisema mwishowe. “Asubuhi ya majaribio niwe na jibu. Na usimtie mtu hofu kabla hujawa nalo.”

Muda haukutosha. Hesabu nzuri ilihitaji vijumba vidogo sana pale chini ya tezi, mahali maji yanapobanwa, na vijumba vidogo vinataka siku nyingi. Ilibidi aviache viwe vikubwa kuliko alivyopenda, kama mtu anayeshona kanzu kwa mshono mpana kwa kuwa harusi ni kesho. Sakafu ya mkondo nayo aliiweka bapa, mchanga mtupu mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kisha akabonyeza, akakaa.

Hakuna kazi ngumu kama kusubiri mashine. Mstari kwenye skrini ulipanda, ukashuka, ukatetemeka, ukakataa kutulia. Mstari usipotulia jibu halijaiva. Alikwenda kunywa chai, akarudi, bado. Mara moja umeme ulikatika jengo zima. Betri za akiba zikashika, na mtu wa chumba cha pili aliyekuja kuchungulia alimkuta amesimama kaiwekea mashine mikono miwili juu, kama anayemshika mtoto asianguke kitandani.

“Itapona?” yule mtu aliuliza.

“Usiniongeleshe,” akamjibu.

Asubuhi ya majaribio mstari ulitulia. Alifungua picha. Tumbo lote la kivuko, kutoka katikati kwenda nyuma, lilikuwa bluu, na chini ya tezi bluu ilikuwa imekolea mpaka inakaribia weusi. Alishusha macho kwenye tarakimu. Kwa mwendo wote, ndani ya mkondo, maji yakiwa yamekupwa, baina ya chuma na mchanga kungebaki upana wa kiganja. Aliuweka mkono wake mwenyewe mezani, akautazama.

Meneja alimkuta akiwa amevaa suti, tai bado mkononi. Fundi Bomba akamwonyesha.

“Kiganja ni kiganja,” alisema meneja. “Kinapita.”

“Kivuko kikitikiswa na wimbi dogo tu, kiganja hakipo.”

“Una uhakika na hii hesabu?”

Angeweza kudanganya. Neno moja tu, ndiyo, lingetosha, na meneja angeahirisha sherehe yote. “Sina,” alisema. “Vijumba ni vikubwa. Sikuwa na muda. Inaweza kuwa nzuri kuliko hivi, na inaweza kuwa mbaya kuliko hivi.”

“Basi huna uhakika.”

“Wala wewe huna, bosi.”

Meneja alifunga tai, akaikosea, akaifungua. “Wageni wameshafika. Nikimwambia yule mama tuahirishe kwa ajili ya picha ya bluu ambayo aliyeichora mwenyewe hana uhakika nayo, atachukua kivuko kingine kwingine. Wote wale pale nje watakaa nyumbani.” Akamwelekeza dirishani, walikokuwa wachomeleaji wamevaa mashati ya sherehe. “Njoo tuwe wote chomboni. Tutamwomba nahodha apunguze mwendo kidogo pale. Kwa adabu. Lakini Mama Mwenye usimwambie neno.”

Alimpigia kaka yake simu akiwa anashuka ngazi. Kule upande wa pili kulikuwa na injini na watu wanaocheka.

“Kaka, ukirudi, mkondoni usipite mwendo wote.”

“Nini?”

“Kivuko kitashuka nyuma. Kitakaribia mchanga.”

“Mwaka mzima unaniambia ni chombo cha ajabu. Leo, wageni wamo ndani, ndiyo unaniambia kinazama?”

“Sijasema kinazama.”

“Basi umesema nini? Sema neno moja nilielewe, mdogo wangu, nina watu huku.”

Akamwambia: apunguze kabla ya boya la pili la mkondo, na apunguze polepole, kwa sababu akikata ghafla wimbi la nyuma litawafikia na kuwasukuma. Hakujua kama kaka alisikia. Simu ilikuwa imekatika.

Alipokanyaga kivukoni, mtu wa kwanza kumwona alikuwa mama yake. Nahodha alikuwa amemwalika. Amevaa gauni alilojishonea kwa siku ile, amekaa ukumbini kwenye kiti cha dirishani nyuma kabisa, mkoba mapajani, anatabasamu kwa kila anayepita.

“Mama, kaa mbele,” Fundi Bomba alisema.

“Hapa naona vizuri.”

“Mbele kuna upepo.”

“Upepo utaniharibia kilemba. Kwani una nini wewe? Umekauka kama kuni.”

Kamba zikafunguliwa.

Kwenda kulikuwa raha tupu kwa kila mtu isipokuwa wawili. Maji yalikuwa yamejaa, mkondo ukapitwa bila habari, na nje kwenye maji marefu kivuko kikafunguliwa. Kikaenda. Nyuma yake maji yalikuwa yamenyooka, tambarare, hayana povu la vurugu, sawasawa na alivyoyaona kwenye skrini miezi na miezi. Fundi wa injini alipanda kutoka chini akitangaza kiasi cha mafuta kinachotumika, na Mama Mwenye, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alicheka. Akamshika Fundi Bomba begani mbele za watu. “Binti, umefanya kazi,” alisema. Fundi Bomba alishukuru, macho yakiwa kwa meneja. Meneja alikuwa anatazama saa na kingo za ghuba, ambako mistari ya matope ilikuwa imeanza kuonekana. Maji yalikuwa yanaondoka.

Wakageuza. Kivuko kilipoelekea nyumbani, Mama Mwenye alipanda chumba cha nahodha, meneja nyuma yake, na Fundi Bomba nyuma ya meneja. Mbele yao boya la kwanza lilionekana, na mbali zaidi la pili. Gatini kulikuwa na watu wamejaa.

“Nahodha,” alisema Mama Mwenye, “mwendo huu huu mpaka ndani.”

Kaka yake alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja, mwingine uko juu ya wenzo wa injini. Hakugeuka.

Meneja alikohoa. “Mama, labda pale mkondoni tungeomba... kwa adabu tu, kupunguza kidogo. Mchanga umepanda.”

“Chombo kipya kinaogopa mchanga?”

“Hakiogopi, ila...”

“Ila nini?”

Fundi Bomba alimwona meneja akitafuta neno na neno halipatikani, akajua kwamba halitapatikana kabla ya boya.

“Kitagonga,” alisema yeye.

Wote walimgeukia isipokuwa mtu mmoja.

“Nimehesabu,” akaendelea, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko alivyotaka. “Maji mafupi yanakivuta chini. Tukipita kwa mwendo huu, nyuma kunabaki kiganja kimoja. Pengine hakibaki kabisa.”

“Pengine,” alirudia Mama Mwenye. “Meneja, huyu anasema nini? Ulinijengea kivuko ama mtego?”

Kwenye dirisha la nyuma, wimbi la kivuko lilikuwa limeanza kubadilika. Ule utambarare haukuwepo tena. Maji yalikuwa yanainuka, yana rangi ya chai ya maziwa, na yanawafuata.

“Kaka,” alisema kwa sauti ya chini. Hakumwita nahodha. “Boya la pili. Tafadhali.”

“Nahodha, endelea,” alisema Mama Mwenye. “Chombo ni changu.”

Boya la kwanza lilikuwa bado halijapita dirishani wakati mkono wa kaka yake ulipoanza kurudi nyuma. Haukuvuta kwa nguvu. Ulirudi taratibu, kidogo, ukasimama, ukarudi tena kidogo, kama mtu anayefunga mlango chumba chenye mtoto aliyelala.

“Nimesema endelea!”

“Chombo ni chako, Mama,” alijibu nahodha. “Roho za watu ni zangu mpaka nifike gatini.”

Injini zilishuka sauti, lakini kivuko ni kizito, hakisimami kwa kuambiwa. Kiliingia mkondoni bado kina kasi. Kwanza ukaja mtetemo. Ulianzia nyuma, ukapanda kwenye sakafu mpaka kwenye magoti, vioo vikaanza kulia. Kisha pua ikainuka mbele yao, kidogo tu, na Fundi Bomba akajua maana yake: tezi inashuka. Kaka yake akauzungusha usukani kulia na kivuko hakikujibu. Akazidisha. Hakikujibu. Kikaanza kujivuta kushoto, kuelekea fungu la mchanga, polepole, kama mtu anayesinzia.

“Njoo,” kaka yake alikuwa anakiambia chombo. “Njoo, njoo, njoo.”

Hakuna aliyekuwa anamwambia endelea sasa. Mama Mwenye alikuwa ameshika bomba la ukutani kwa mikono miwili.

Ukatokea mguno. Haukuwa mshindo, ulikuwa mguno mrefu kutoka chini na nyuma, wa chuma kinachoburutwa kwenye mchanga, na kila aliyekuwa ndani aliusikia kwenye meno. Ukumbini vikombe viliteleza kutoka mezani vyote kwa pamoja. Mtu alipiga kelele. Fundi Bomba alimfikiria mama yake kwenye kile kiti cha nyuma, akashika mlango ili asikimbie, kwa sababu kukimbia kusingesaidia kitu.

Kisha wenzo ulikuwa chini kabisa, wimbi la nyuma likapita chini yao na kuwanyanyua, usukani ukashika, na pua ikarudi katikati ya njia. Kivuko kilipita boya la pili kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Watu waliokuwa gatini, wasiojua lolote, walikuwa wanapiga makofi.

Alimkuta mama yake amesimama katikati ya ukumbi, kilemba kimelegea, anawakusanyia watu vikombe. “Kaka yako anaendesha vibaya siku hizi,” mama alisema. Fundi Bomba alimkumbatia, naye mama akamwacha amkumbatie kwa muda mrefu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mpiga mbizi alishuka kabla jua halijaenda mbali. Alipotoka alisema rangi ya chini ya tezi imekwanguliwa upana wa mlango, na ncha za rafadha moja, pangaboi linalosukuma chombo, zimekunjika. Chuma hakikutoboka. “Mngekuwa na mbio zaidi kidogo,” alisema huku akivua miwani, “mngeziacha rafadha zote pale.”

Mama Mwenye aliwaita wote ukumbini, akafunga mlango. Aliuliza kitu kimoja tu: nani alijua?

“Mimi,” alisema Fundi Bomba. “Tangu asubuhi.”

“Na hukuniambia.”

Fundi Bomba alikuwa amekatazwa, ila kulisema hilo ni kumchoma mtu mwingine. Meneja alikuwa anatazama viatu vyake, na kwa kitambo ilionekana angeendelea kuvitazama mpaka mwisho. Kisha akavua tai.

“Aliniambia mimi, Mama. Alinionyesha. Nikamwambia anyamaze. Niliogopa utaondoka.”

“Naondoka,” alisema Mama Mwenye, na akaondoka kweli.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Kivuko kilikaa kimefungwa kwenye gati la kiwanda, hakina mwenyewe. Wachomeleaji walikuja asubuhi, wakakaa chini ya paa la bati, wakarudi nyumbani. Baadhi yao walimpita Fundi Bomba bila salamu. Wengine waliona kwamba kama angefunga mdomo, wengine kwamba kama angeufungua mapema, mambo yasingefika pale. Na wote, wenye hoja ya kwanza na wenye hoja ya pili, walimnunia kwa nguvu ileile.

Yeye alirudi kwenye mashine. Jambo lililomnyima usingizi halikuwa Mama Mwenye. Hesabu yake ilisema kiganja kitabaki kwa mwendo wote. Wao walikuwa wameshapunguza, na bado wamegusa. Alipotafuta kosa alilipata, nalo lilikuwa lake. Aliweka sakafu bapa, kana kwamba mkondo hauna kingo. Lakini mkondo una mafungu ya mchanga pande zote mbili. Maji hayakubanwa kutoka chini pekee, yalibanwa ubavuni pia, na yalipokosa pa kwenda yalikimbia zaidi na kuachia zaidi. Safari hii aliomba vipimo vya mkondo mzima, akauchora na kingo zake, akavifanya vijumba kuwa vidogo, akasubiri muda wote uliotakiwa. Rangi iliyotoka ilikuwa nyeusi moja kwa moja.

Alimwonyesha kaka yake kwenye kompyuta ndogo, wamekaa barazani. Kaka aliitazama bila utani.

“Mimi nilikwambia boya la pili,” alisema mdogo wake. “Tungefuata langu, tungekwama pale. Wewe ukapunguza la kwanza. Kwa nini?”

Kaka alicheka puani. “Unakumbuka ulivyoruka kutoka gatini ukiwa mdogo? Ulisema umepima kwa macho, maji yanatosha.”

“Nilivunjika mguu.”

“Mimi ndiye niliyekubeba. Wewe ukikosea, hukosei upande wa woga. Ukisema hatari iko pale, mimi naiweka hapa.” Akaonyesha kwa kidole, karibu zaidi.

Alitaka kukasirika, akashindwa.

Dawa haikuwa moja. Chuma kilikuwa kimeshakatwa, na tezi haiwezi kufutwa. Kwenye kompyuta alijaribu kuweka kabari ndefu chini ya ukingo wa nyuma, bamba la chuma lililoinama kidogo, ili maji yakipita yalisukume na kunyanyua tezi. Lilisaidia, lakini si sana. Lilikula pia sehemu ya yale mafuta aliyojivunia kuyaokoa. Kilichosaidia zaidi ni kitu cha bure: mwendo. Alitengeneza kibao cha kubandikwa mbele ya usukani, kina cha maji upande mmoja, mwendo wa mwisho upande wa pili. Meneja akakichukua kibao na picha zote, ile ya sakafu bapa na ile ya kingo, akaenda nazo mwenyewe kwa Mama Mwenye. Alipofika hakumficha lolote, hata kosa la hesabu. Aliporudi alikuwa amechoka kama aliyepanda mlima.

“Anakichukua,” alisema. “Lakini anasema siku nyingine akisikia ‘pengine’ aisikie yeye kwanza, kabla yangu.”

Wachomeleaji wakapata kazi ya kabari. Mmoja wao, wa wale wasiosalimia, alimletea Fundi Bomba kipande cha bamba akamuuliza mwinamo uko sawa. Ilikuwa ndiyo salamu yake.

Kivuko kilipoanza kuvusha watu, alikwenda siku ya kwanza kama abiria wa kawaida, akakata tiketi, akakaa nyuma. Asubuhi hiyo maji yalikuwa yamekupwa. Walipokaribia boya la kwanza alihisi injini zinashuka, taratibu. Akasubiri mtetemo, vidole vimekaza kwenye ukingo wa kiti. Mtetemo haukuja. Nyuma yao maji yalibaki tambarare, yakafunguka na kujifunga kimya kimya juu ya mchanga.

Jirani yake, mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya, aliguna. “Kivuko kipya hiki, wamekisifia kote, kumbe kinatambaa kama konokono.” Akamtazama kitambulisho shingoni. “Dada, wewe si wa huko kwenye meli?”

“Ndiyo, mama.”

“Hebu waambie waongeze mwendo. Nyanya zangu zinaiva njiani.”

“Nitawaambia,” alisema Fundi Bomba, akahamisha miguu ili kikapu kipate nafasi.